Rangi ya Utosini

Asubuhi ya mwisho walibishana juu ya yai.

Metod Petrak alitaka yai la dakika nne. Olga alisema yai la dakika nne ni la mgonjwa, na yeye hakuolewa na mgonjwa. Akalichemsha dakika tisa, kama alivyolichemsha kwa miaka hamsini na saba, likatoka gumu kama goti la punda. Metod akalila. Nje theluji ya mwezi wa tatu ilikuwa inageuka tope. Redio ikasoma majina ya waliofariki bondeni, na Olga akalijibu kila jina, ndiyo desturi yake. Huyu alikuwa mchoyo. Huyu alijua kucheza dansi. Huyu, basi mimi nilidhani tulishamzika.

"Siku wakisoma langu, mzee, zima redio," akasema. "Watalitamka vibaya jina la baba yangu."

"Mm," akasema Metod.

Olga akavaa koti akaenda kununua hamira. Akaanguka mbele ya duka la dawa. Siku ya tatu redio ikasoma jina lake. Metod hakuizima. Walilitamka vibaya.

Baada ya mazishi watu wa Tarlow walijaa nyumbani na sahani za nyama na viazi, na kila mmoja alikuwa na kisa kilekile: ile Ijumaa ya nusu fainali, miaka kumi na minne iliyopita, Olga alipoifungia timu nzima jezi zake ndani. Kila mmoja alikisimulia kivyake. Kinyozi Bartko aliapa kwamba Olga alikuwa na bunduki. Metod alitafuna. Olga hakuwa na bunduki. Alikuwa na kiti na ufunguo.

Mambo yalikuwa hivi.

Olga alikuwa mfuaji wa timu ya shule. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na saba, ndani ya chumba cha chini ya ukumbi wa mazoezi, na mashine mbili zilizonguruma kama ng'ombe wenye njaa. Ijumaa jioni vijana wanacheza mpira wao ule wa Kimarekani, wa umbo la yai na wa kuangushana, Jumamosi asubuhi kila kitu kiko kwake: jezi, suruali, glavu, pedi za mabega, helmeti. Kiwanda cha chuma kilipofungwa, Metod, aliyekuwa mtu wa matanuri tangu ana miaka kumi na minne na hakujua kazi nyingine, alikwenda kumbebea mifuko. Alidhani ni kwa wiki mbili.

Mwingine husoma kitabu, Olga alisoma nguo. Alijua nani ameanza kuvuta sigara. Alijua nani mama yake amehama nyumba, kwa sababu soksi zilianza kuja kila moja bila mwenzake. Na alisoma helmeti.

Helmeti za Tarlow zilikuwa nyeupe, na zilikuwa na mwiko: msimu ukishaanza, hazifutwi. Kijana akigongana na mtu wa timu nyingine, rangi ya helmeti ya yule inabaki kwenye yake, mchirizi mwekundu, mchirizi wa buluu. Hizo ndizo nishani. Kijana mwenye helmeti safi alikuwa kama mtu aliyekwenda vitani akarudi na shati limepigwa pasi. Juu ya hapo Kocha Ruffner alikuwa na stika zake za fuvu. Ukimkumba mtu mpaka majukwaa yote yakasema "uuuh", Jumatatu unabandikiwa fuvu.

Mwaka ule mwenye mafuvu alikuwa Brody Kosanovich. Miaka kumi na minane, mabega kama mlango wa kanisa, sauti ndogo. Mji ulimwita Nyundo. Alikuwa na mafuvu thelathini na manne, na kinyozi Bartko alikuwa akiyahesabu dirishani kwake kwa chaki.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi Olga alipanda ngazi na helmeti ya Nyundo mkononi, akaiweka mezani kwa kocha, juu ya karatasi zake.

"Kocha, angalia hapa."

"Naona helmeti, Bibi Petrak."

"Hii nyekundu ni ya wale wa Garnet Hill. Hii buluu ya wiki ya juzi. Hii ya njano sijui hata mlicheza lini. Zote ziko wapi?"

"Kwenye helmeti."

"Utosini, Kocha. Zote utosini. Mtoto huyu haoni anachokigonga. Anainama anakwenda kama beberu."

"Beberu huyo ametupitisha mechi saba hatujafungwa."

"Beberu Mungu amempa shingo ya beberu."

Kocha akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshinda mechi saba. "Tufanye hivi, Bibi. Wewe fua, mimi nifundishe. Mimi siji huko chini kukwambia utie sabuni kiasi gani."

"Ungekuja ningefurahi. Shati lako hilo lina siku tatu."

Akashuka. Hakusema neno mchana kutwa, na Metod akaanza kuingiwa na wasiwasi. Olga alikuwa na kimya cha kusali na kimya cha kuumwa jino, na alikuwa na kimya cha tatu, cha kumtafutia mtu dawa. Hicho cha tatu ndicho alichokuwa nacho, na dawa zake hazikuwahi kuwa tamu.

Sababu alikuwa nayo. Kaka yake, Jozef, alicheza mpira huohuo. Mwaka ule shule ilileta helmeti mpya za plastiki, na vijana wakaambiana kwamba hizi zinavunja hata tofali. Jozef akayaamini hayo ya tofali. Akainamisha kichwa, akamgonga mtu wa Garnet Hill kwa utosi, na shingo ikavunjika. Hakufa. Alilala kitandani miaka tisa, na Olga ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Mdomo tu ndio uliobaki unafanya kazi, kwa hiyo Jozef aliutumia. Kila mechi iliyoonyeshwa kwenye televisheni aliieleza: huyu kakosea, huyu kapatia, huyu kesho atakuwa kama mimi. Aliyemfundisha Olga kumwangusha mtu alikuwa mwalimu asiyeweza kunyanyua kidole. Olga alifuzu vizuri kuliko kocha yeyote bondeni, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumamosi iliyofuata vijana walipoleta mifuko yao walikuta harufu. Olga alikuwa ameoka mkate wa kokwa za jozi, ule wa kukunja, mikunjo kumi na mbili, wa Krismasi. Na Krismasi ilikuwa bado miezi miwili.

"Huu wa nani, Bibi?" akauliza Dwayne Pastorek, yule bonge wa mstari wa mbele.

"Wa mtu atakayeniletea helmeti safi utosini na jezi chafu begani. Kila Jumamosi, kila mtu na mkate wake mzima, hagawi."

Vijana wakatazamana. Mwiko ni mwiko. Lakini jozi nazo ni jozi.

"Sasa begani tunachafukaje?"

"Ndiyo maana nina mzee," akasema Olga. "Metod, shika huo mfuko wa taulo mbichi. Kimbia."

"Kukimbia wapi?" akauliza Metod. Alikuwa na miaka sabini na moja.

"Kule kwenye ndoo."

Metod akashika mfuko, akaanza kwenda kwenye ndoo kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulipa kodi. Olga akapiga hatua mbili, akamjia kwa ubavu, akamfumbata chini ya makalio, na Metod Petrak, aliyefanya kazi miaka arobaini kwenye moto bila kuanguka hata mara moja, akajikuta amekaa juu ya rundo la suruali chafu, hajaumia popote isipokuwa heshima.

"Mmeona?" Olga alikuwa bado amemfumbata. "Macho yako wapi? Kwenye mkanda wa suruali yake. Miguu inadanganya, mabega yanadanganya, mkanda haudanganyi. Kichwa kinakaa kando, hakikai mbele, na uso umeinuka. Bega ndilo linagonga, hapa kwenye paja. Mikono inafumbata kama umebeba gunia la vifaranga. Halafu miguu haisimami, inatembea tu mpaka akae mwenyewe. Sikusikia hata uuuh moja. Umesikia uuuh, mzee?"

"Nimesikia mgongo," akasema Metod.

"Na kwa nini nisiiname, Bibi?" akauliza Dwayne. "Helmeti si ipo?"

"Helmeti inalinda fuvu. Shingo inalindwa na nani? Ukiwa umeinua uso shingo ina mpindo, na mpindo una nafasi ya kunepa. Ukiinama inanyooka kama bomba la maji. Ligonge bomba kwa ncha uone linavyofanya."

Nyundo alikuwa amesimama mlangoni, amejiegemeza, anatabasamu. "Mimi nina mafuvu thelathini na manne, Bibi. Mafuvu hayali mikate."

"Hayali kweli," akasema Olga. "Ndiyo shida yake."

Wiki hiyo Metod aliangushwa mara arobaini na moja. Kufikia Ijumaa alikuwa ameanza kujiangusha mwenyewe akiona kijana anaingia mlangoni, ili wamalize mapema.

Jumamosi ya kwanza waliodai mkate walikuwa wanne. Watatu Olga aliwapa. Wa nne alikuwa Dwayne. Helmeti yake iling'aa kama yai, na ilinuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Begani jezi ilikuwa na mchirizi mpana wa kijani.

"Jana mlicheza na nani, Dwayne?"

"Si wale wa Ferris, Bibi."

"Wa Ferris wanavaa nini?"

Dwayne akafikiri. "Buluu."

"Na hii?"

"Bibi, palikuwa na giza."

"Taa za uwanja ule zinaonekana mpaka Ohio. Padri Havrilla amepaka mlango wa ukumbi wake rangi gani juzi?"

Dwayne akatazama viatu vyake.

"Umemwangusha mlango," akasema Olga. "Sawa. Je, ulimfumbata?"

Alimkatia kipande. Jumamosi iliyofuata waliostahili walikuwa tisa, na Dwayne kweli alikuwa mmoja wao. Ile iliyofuata, kumi na wanne, na unga wa duka la Tarlow ukaisha. Kocha aliona kwamba vijana hawaumii sana kama mwaka jana, akajisifu mbele ya wazazi kwa mazoezi yake ya kunyoosha viungo.

Nyundo peke yake hakubadilika. Mechi ya tisa, mafuvu thelathini na manane. Mechi ya kumi, arobaini na moja. Nusu fainali ilipangwa Ijumaa, nyumbani, dhidi ya Garnet Hill, na watu wa vyuo vikuu vitatu, wanaotafuta wachezaji wa kuwasomesha bure, walisema watakuja kumtazama. Akina mama wa Tarlow walitoa shuka zao vitandani, wakaandika NYUNDO kwa rangi nyeusi, wakazitundika darajani.

Jumatatu ya wiki hiyo Olga alikuwa anapanga glavu. Akaishika moja, akaigeuza, akaipeleka dirishani.

"Mzee, njoo uone. Hii ni nini?"

Metod akavaa miwani. Ilikuwa glavu ya mkono wa kulia, na ule mkanda wa kukazia kifundoni ulikuwa umetafunwatafunwa. "Meno," akasema. "Panya."

"Panya hana pengo la mbele." Akaichungulia tena. "Glavu ya kulia mtu hukaza kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na kama vidole vya kushoto havisikii?"

Metod akaifunua glavu. Kwa ndani glavu ilikuwa imeandikwa jina. Kosanovich.

Alimwita Nyundo mchana huo. Hakumuuliza chochote. Alimpa chupa ya matango ya siki. "Nifungulie, mwanangu, vidole vyangu vimezeeka. Hapana, shika chupa kwa wa kulia. Fungulia wa kushoto."

Nyundo akashika kifuniko. Akakaza midomo. Vidole vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza tena, na mabega yale yote nyuma yake hayakumsaidia kitu. Akaiweka chupa mezani polepole.

"Tangu lini?"

"Inakuja inaondoka. Kama moto, halafu kama hakuna mkono." Sauti yake ilizidi kuwa ndogo. "Bibi, usiseme. Ijumaa tu. Wanakuja wa vyuo. Baada ya Ijumaa nitakula mikate yako yote, nitaanguka vile unavyotaka."

"Na daktari?"

"Baada ya Ijumaa."

Olga alisema. Alimwambia kocha, na kocha akamuuliza Nyundo, na Nyundo akasema aliulalia mkono vibaya. Olga akampigia simu mama yake, na mama yake akamuuliza Nyundo, na Nyundo akasema aliulalia mkono vibaya. Hakuna aliyedanganywa sana. Kila mmoja alitaka kuamini mpaka Ijumaa tu.

"Basi," akasema Olga Alhamisi jioni, akajifuta mikono.

"Basi nini?" akauliza Metod.

"Kesho uje na sweta. Tutakaa sana."

Mlango wa chumba cha kufulia ulitoka kiwandani. Ulikuwa wa chuma, unene wa mkono, uliotengenezwa kuzuia moto, na funguo zake mbili Olga alikuwa nazo zote. Ijumaa saa saba mchana mtunza vifaa alishuka kuchukua jezi, akapanda mbio. Akashuka kocha. Alimkuta Olga ameketi mbele ya mlango kwenye kiti cha jikoni, anafuma.

"Bibi Petrak, jezi."

"Zimefuliwa, zimepigwa pasi. Sijawahi kuzinyoosha vizuri hivi."

"Naomba ufungue."

"Brody akionwa na daktari nitafungua. Daktari Sethi yuko zahanati ya ng'ambo ya mto, nimempigia, anamsubiri. Dakika ishirini kwenda."

"Mechi ni saa moja."

"Ndiyo maana nimeanza saa saba. Ningekuwa mkorofi ningeanza saa kumi na mbili."

Kocha alifanya kosa la kutaka kumpita. Olga hakuinuka. Alimnyooshea sindano ya kufumia, basi, na hapo ndipo bunduki ya Bartko ilipozaliwa. Saa nane alishuka mwalimu mkuu. Alizungumza habari ya taratibu. Olga akamwambia taratibu ni kitu kizuri. Saa tisa alishuka Padri Havrilla, akasema kuna wakati wa kufuma na wakati wa kuacha kufuma.

"Padri, wewe ulimzika Jozef," akasema Olga.

Padri akakaa kwenye ngazi. Hakuondoka tena, akasema miguu inamuuma.

Saa tisa na nusu ngazi zilikuwa zimejaa watu mpaka juu, na wote wakawa na wazo moja: apelekwe mumewe. Wakamtafuta Metod, wakamkuta kumbe yuko ndani ya kile chumba kilichofungwa. Olga alikuwa amemfungia humo na jezi, ili asije akamwonea mtu huruma akalegea. Wakaongea naye kupitia tundu la hewa.

"Mzee Petrak, sema na mkeo."

"Kasema nini?"

"Tunataka wewe ndiye useme naye."

"Mimi nipo kwenye soksi," akasema Metod. "Kanipa jozi sitini. Nimefika ya ishirini na mbili."

"Mzee, mji mzima uko hapa nje."

Metod akafikiri. Miaka ile yote hakuwahi kusema jambo refu mbele za watu, na sasa hawakuwa wakimwona, akajikuta anaweza. "Mimi nilimnyanyua Jozef kumgeuza kila Jumapili," akasema. "Miaka mitano, tangu nioe dada yake. Alikuwa mzito. Mpelekeni huyo mtoto." Halafu akaona amesema mengi, akarudi kwenye soksi.

Aliyekisikia kile kikohozi kilichofuata alisema ni cha kocha. Kocha Ruffner akatoa funguo za gari lake mfukoni. "Brody," akasema, "twende. Tutarudi kabla ya saa kumi na moja, daktari atatwambia uliulalia mkono, na mimi nitamfukuza kazi huyu mama."

Hawakurudi saa kumi na moja. Saa kumi na mbili kasorobo kocha aliingia peke yake. Alikuwa ameshika helmeti ya Brody kama mtu aliyeshika sahani ya msibani. Picha ilionyesha mfupa wa shingo una ufa, akasema, na kando yake nyama imevimba inabana mshipa wa mkono. Daktari Sethi alimuuliza nani amemleta. Alitaka kumjua kwa sababu, kwa maneno yake, kijana yule alikuwa amebakiwa na mgongano mmoja tu kabla shingo haijavunjika.

Olga akainuka. Magoti yalilia. Akafungua mlango, na Metod akatoka na jozi sitini za soksi kifuani.

"Shati hilo umelibadilisha, Kocha," akasema Olga. "Nimefurahi."

Walicheza bila Nyundo. Watu wanaosimulia hupenda kusema walishinda. Hawakushinda. Walifungwa kwa heshima tu, pointi ishirini na moja kwa kumi na saba, na Dwayne Pastorek alimwangusha mkimbiaji wa Garnet Hill mara nne kwa bega, akamfumbata kila mara kama gunia la vifaranga, na majukwaa hayakusema uuuh hata mara moja, kwa sababu hayakujua yanachokitazama. Watu wa vyuo waliondoka kabla ya mapumziko. Wiki nzima hakuna aliyemsalimia Olga dukani, isipokuwa kinyozi Bartko, ambaye alimwogopa.

Msimu uliofuata mafuvu hayakuwepo. Kocha alisema kiwanda cha stika kimefungwa. Alianza pia kushuka chini Jumatatu, peke yake, kuuliza juu ya mkanda wa suruali na kwa nini haudanganyi. Brody alivaa kola ngumu ya kushikilia shingo miezi mitano. Hakuna chuo kilichomchukua. Leo ni fundi bomba, ana watoto watatu, na kwenye mazishi alikuwa mmoja wa wale wabebaji sita. Aliushika mpini wa jeneza kwa mkono wa kushoto. Metod aliona.

Lakini Jumamosi ile, asubuhi baada ya kufungwa, hayo yote hayakuwa yanajulikana. Olga na Metod walikuwa chini kama kawaida. Akina mama wa Tarlow walikuwa wameondoa shuka zao darajani mapema, wamezileta zifuliwe, maana mechi imekwisha na watu wanataka kulala. Shuka kumi na moja zimeandikwa NYUNDO. Rangi haikutoka yote. Metod alikuwa ameshika ncha moja ya shuka, Olga ncha nyingine, na kila walipokunja Metod alikwenda kulia wakati alipotakiwa kwenda kushoto.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Brody, na kola nyeupe shingoni, macho mekundu. Hakuweza kugeuza kichwa, ikabidi ageuke mwili mzima, kama kabati, ndipo amtazame.

"Nimekuja kukwambia kitu," akasema.

"Sema."

"Umeniharibia maisha yangu, Bibi. Nilikuwa nakwenda zangu. Nilikuwa natoka kwenye huu mji. Sasa nitakwenda wapi? Nakuchukia. Nimekuja kukwambia hivyo tu."

Metod akaishusha shuka. Mashine zilikuwa zinanguruma. Alidhani Olga atamweleza habari za Jozef, au za daktari, au za mgongano ule mmoja uliobaki. Hakumweleza. Alimtazama kijana toka juu mpaka chini, amesimama pale kwa miguu yake, mikono yote miwili imefunga ngumi.

"Una haki," akasema Olga. "Kasirika. Ila mpokee huyu mzee ncha ya shuka, maana hajui kushoto kwake. Mtu anaweza kukasirika huku anakunja."